Marehemu Yuko Hewani

Asubuhi ile Namunyak alikuwa amefura, na aliyemfurisha ni meneja wake, Vedasto. Kampuni yao ya kupeleka watalii Ngorongoro ilikuwa inaishiwa bando kabla mwezi haujafika nusu. Basi Vedasto akasimama katikati ya ofisi pale Karatu, akasema huku anacheka, "Mwizi nimemjua. Ni Sitonik. Marehemu anatumalizia bando." Watu wakacheka.

Sitonik alikuwa mume wa Namunyak. Yeye ndiye aliyefunga waifai ile, akampa kila mfanyakazi jina la kuingilia na neno lake la siri, kisha akaugua, akafa, jina lake mwenyewe likabaki mtandaoni. Kwa Wamasai jina la marehemu halitajwi hovyo. Tangu mazishi hata Namunyak alimwita Baba Nasha tu, kwa jina la binti yao. Kazi ya kuliondoa jina lile mtandaoni iliachiwa Lesiamon, mdogo wake marehemu, dereva wa hapo hapo ofisini. Lesiamon akakataa. Alisema mkono haumwendi kuandika jina la kaka yake ili alifute. Watu walimheshimu kwa hilo, na Namunyak alimheshimu kuliko wote.

Leo mtu mzima na tai yake shingoni anamwita mumewe mwizi. Haya, ngoja.

Vedasto alikuwa amemwagiza Namunyak aanze upya, kila mtu apewe jina jipya na neno la siri jipya. Namunyak akafungua kompyuta atazame nani yumo mtandaoni. Jina la mumewe lilikuwa linawaka kijani. Marehemu yuko hewani, saa ile ile! Damu ikamchemka mpaka masikio yakapata moto. Hakuita mtu. Akalikata.

Chumba cha pili mtu akasonya. "Aa, mtandao wenu nao! Mkeka wangu haujaenda."

Ilikuwa sauti ya Lesiamon. Namunyak alimkuta kajilaza kwenye kiti, simu mkononi, mkeka wa kubeti umekwama kwenye kioo. Kumbe kaka yake alipokuwa kitandani alimwachia neno la siri, amsaidie kazi za ofisi. Hana haya wala hajui vibaya.

"Shemeji, usikasirike," akasema. "Ni jina tu."

"Jina tu? Basi litaje."

Lesiamon akatikisa kichwa kukataa.

"Kulitaja mwiko, kulifuta mwiko, kulibetia ruksa! Kaka yako kaitwa mwizi, na wewe umecheka na wenzako."

Vedasto alikuwa amefika mlangoni. "Mama Nasha, yaishe. Nilikuwa natania. Nitalifuta mimi."

"Wewe kaa hapo. Zamu yako inakuja."

Akamvuta shemejiye kwa shati mpaka kwenye kompyuta. Ili kumfuta mtu ilibidi jina lake liandikwe lote. Akamsogezea kibodi. "Andika." Kusema kweli alitaka mkono ule utetemeke, ajue kwamba ile heshima haikuwa uongo mtupu.

Lakini wapi. Lesiamon aliliandika mara moja, bila kutazama, bila kukosea, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe.

Namunyak akamsukuma pembeni, akabonyeza kufuta kwa mkono wake. Kisha akasimama.

"Sitonik hakuiba," akasema, ofisi nzima ikasikia. Hakuwa amelitamka tangu mazishi. "Meneja, rudia."

Vedasto akarudia.