Kibao cha Gati la Erlen

Hulda Wüthrich alikuwa na miguu mizuri, nami simnyimi haki yake. Alipanda vilima vya kwetu Emmental kama mbuzi, na kila alipofika juu aligeuka kututazama, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri ng'ombe.

Chama chetu cha wanawake wa mashamba kilikuwa na safari moja kila mwaka, kiangazi, baada ya nyasi kukatwa na kuingizwa ghalani. Unakwenda asubuhi kwa treni, unapanda meli ziwani, jioni unarudi kukamua. Mpangaji wa safari alikuwa Rösli Zaugg, jirani yangu na shoga yangu tangu tukiwa wasichana. Rösli alijua kwenye treni ukipita Thun ukae kushoto ili uone maji, alijua mkahawa gani unachemsha kahawa mara mbili, na siku moja kabla ya safari alipiga simu kwa watu wa meli kuwaambia tunakuja, wasimame Erlen watuchukue.

Sasa Erlen ni gati dogo kwenye Ziwa la Brienz, chini ya msitu, halina nyumba wala kibanda. Meli haisimami pale hivi hivi. Kuna mlingoti, na juu yake kibao cha mviringo. Unazungusha mpini wa chini, uso mwekundu wa kibao unaelekea majini, nahodha anauona anakuja. Usipouzungusha, anapita zake. Maelezo yamebandikwa pale, lakini jua limeyala, na sisi watu wa nchi hii tukishaona jina la gati kwenye ratiba tunaamini kama Injili, hatusomi kingine.

Mwaka mmoja nyonga ya Rösli ilikuwa imeanza kumsumbua. Tulitembea kutoka Iseltwald hadi Erlen kwa njia ya ufukweni, yeye nyuma na fimbo yake. Akasema, "Tangulieni, nawafuata, msinisimamie kama maiti." Meli ikaja, maana alishaipigia simu yeye mwenyewe. Mimi niliingia ndani mapema kushika meza ya dirishani. Baharia akamuuliza Hulda, aliyekuwa wa mwisho kupanda, kama kuna mwingine.

Hulda alitazama ngazi za kushukia gatini. Rösli alikuwa pale juu, kwenye ngazi za mawe, bado hatua chache. Macho yao yalikutana.

"Hakuna mwingine," Hulda akasema.

Maji hubeba sauti. Rösli aliyasikia maneno yale kama yalivyotamkwa. Mimi nilipomwona kupitia kioo, kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Nilimshika Hulda mkono wa blauzi. Akanijibu, "Lisebeth, safari ni ya wenye miguu. Atapanda ile inayofuata."

Inayofuata haikuwapo. Rösli alipanda msitu ule, fimbo na nyonga, hadi barabara ya magari, mvua ikimnyeshea. Alilala na homa ya mapafu hadi nyasi za pili zikakatwa. Alipopona, ratiba zake zote alizitia kwenye kikapu akaziweka juu ya kabati. Kwenye mkutano wa majira ya baridi Hulda alijitokeza kuwa mpangaji, na wenzetu wakanyoosha mikono. Rösli hakuwapo. Hakutaka tena kutoka, alikaa jikoni kwake akimenya viazi vingi kuliko alivyohitaji.

Mimi si mtu wa hasira za moto. Mimi hukaanga vitunguu taratibu, kwa samli kidogo. Nilitaka mambo mawili tu: Rösli akae tena melini, na Hulda abaki pale alipombakiza mwenzake.

Nikaenda kwa Hulda na keki ya karoti. "Mpangaji ana kazi nyingi," nikamwambia. "Mwaka huu niachie mimi chakula na meli, wewe shika matembezi. Twende Iseltwald, tule samaki, kisha wenye miguu watembee hadi Erlen, wengine tupande meli palepale Iseltwald tuwachukue njiani."

"Wenye miguu ni nani, zaidi yangu?"

"Ndiyo maana nakwambia. Wewe una miguu, Hulda. Sisi tuna makalio."

Alicheka sana, akakata kipande cha pili.

Kwa Rösli ilikuwa kazi zaidi. Nilimshushia kikapu, nikakiweka mezani kati ya maganda ya viazi. Akasema, "Siendi kukaa meza moja na yule."

"Hutakaa naye."

Akafuta mikono, akafungua kitabu cha treni. "Basi Spiez msishuke," akasema. "Mwende moja kwa moja hadi Interlaken." Na alipofika kwenye ukurasa wa meli, kidole chake kikasimama kwenye Erlen. "Utapiga simu?"

"Sitapiga," nikasema.

Akaendelea kumenya viazi, lakini polepole.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, maji ya kijani kama chupa. Hulda alimwona Rösli stesheni akasema, "Aa, bibi nyonga naye yupo," kisha akaenda kukaa behewa la mbele. Tulikula samaki Iseltwald. Kabla mtu hajainuka, nikaleta nilichoagiza: meringe, ute wa yai uliookwa hadi ukakauka, na krimu juu yake kama theluji ya paa. Nawajua wanawake wa Emmental. Hakuna aliyeinuka, ila Hulda.

"Mnanenepa kama nguruwe wa Noeli," Hulda akasema, akifunga kamba za viatu. "Nitawangojea Erlen. Nyinyi mtafika mkinikuta nimeshapoa."

"Meli itakuona," Käthi Gerber akamwambia, bila ubaya wowote, mdomo umejaa krimu.

Tukapanda. Nilimkalisha Rösli mbele, kwenye benchi la nje, shali magotini na kahawa yenye tone la pombe ya cheri. Tulipozunguka mwamba, gati likaonekana. Hulda amesimama mwishoni kabisa, kofia ya njano. Nyuma yake kibao kimeonyesha upande wake mweupe, hakijazungushwa.

Meli haikupunguza mwendo. Hulda akanyoosha mkono. Kisha miwili. Kisha akavua kofia akawa anaizungusha. Wageni wote wa upande ule wakafurahi wakampungia, maana nchi hii mtu akiona meli hupunga, na aliye melini hupunga pia. Watoto wakapiga kelele za furaha.

Baharia akaja kwetu, mtu mzima mwenye masharubu ya kijivu. "Akina mama, yule anapunga sana. Ni wenu? Kuna wa kuchukua Erlen?"

Wanawake wakaniangalia mimi. Vijiko vya kahawa vikatulia. Mimi nikamwangalia Rösli, kwa kuwa jibu lilikuwa lake. Angesema ndiyo, ningenyamaza.

Rösli alikunywa funda moja. Alimtazama Hulda vizuri, hadi macho yao yakakutana.

"Hakuna mwingine," akasema. Akainua mkono akapunga, mara moja, kwa adabu.

Käthi akashusha pumzi, naye akapunga. Mwishowe tukapunga wote.

Enzi zile hakukuwa na simu mfukoni. Hulda alipanda msitu hadi barabarani, akafika kwake ng'ombe wameshakamuliwa na jirani. Miguu si alikuwa nayo?

Jumapili alinikuta nje ya kanisa, uso umemvimba kwa jua. "Mliniona," akasema.

"Tulikuona. Tulikupungia."

"Ulijua habari ya kibao, Lisebeth. Ungeweza kuniambia."

Rösli alikuwa kando yangu, anavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja. Ndiye aliyemjibu.

"Nawe ulinitazama pale ngazini," akasema. Kisha akanishika mkono tukateremka njia ya kutoka kanisani, taratibu, kwa mwendo wa nyonga yake, na Hulda akatufuata nyuma hadi chini, maana njia ile ni nyembamba na hakukuwa na nafasi ya kupita.