Nauli ya Kitabu Kinene

Fundi viatu mmoja, mgane wa miaka sitini na kitu, alikuwa na vitabu vingi kuliko viatu vya wateja. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alipochoka kupiga chafya kila akifagia chumba cha baba yake, alimwingiza kwenye kundi la simu la watu wanaobadilishana vitabu walivyokwisha kusoma. Sharti lilikuwa moja: kila mtu alipie posta ya anachotuma.

Wa kwanza kumwandikia alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa katika mji wa mbali. Fundi akamwita Sista. Alikuwa na riwaya nyembamba ya upelelezi, akaomba kitabu cha Fundi cha hadithi za safari, kurasa mia tisa. Fundi hakufikiri mara mbili. Alikifunga kwa karatasi ya kaki, akashona pembe kwa uzi wa viatu, akakipeleka posta. Karani alipotaja bei, Fundi alimwomba airudie. Ilikuwa sawa na kubadilisha soli za jozi tatu. Akalipa.

Kifurushi kilipofika, Sista aliona stempu zilivyojaa juu yake, akapiga simu. Alisema yeye kalipa kidogo mno na si haki. Wajumlishe posta zote mbili, wagawane sawa. Fundi akamwambia asijisumbue kwa mambo madogo. Hata hivyo pesa iliingia kwenye simu jioni ile. Fundi akairudisha papo hapo, akalala na moyo mweupe, akijiona muungwana.

Sista akawa kimya. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Fundi alikuwa amezoea jumbe zake, na alikuwa na hamu ya kumwambia kwamba alimjua muuaji wa ile riwaya tangu ukurasa wa thelathini. Akamwandikia kwamba anayo juzuu ya pili ya kile kitabu cha safari, yuko tayari kuituma. Jibu likaja fupi: "Asante, Fundi. Tutaiacha tu."

Fundi hakulielewa. Akamwonyesha binti yake, na alipoulizwa kulikoni, akasimulia habari ya pesa kwa fahari kidogo. Binti aliweka kikombe chini.

"Baba, uliuliza pesa ilikuwa ya nani?"

"Yake. Ya nani tena?"

"Ameandika tutaiacha. Yeye na nani?"

Asubuhi Fundi akapiga simu. Sista akaeleza. Wodini kwake walikuwemo wanaume wanane waliofungwa plasta, wengine huu ni mwezi wa nne. Kila zamu yake ikiisha alikaa nusu saa akiwasomea. Alipowasimulia kuhusu zile stempu, walichanga wenyewe. Mmoja alitoa noti aliyoificha ndani ya foronya. Dereva wa lori aliyevunjika nyonga ndiye aliyepiga hesabu, kwa penseli, juu ya plasta ya jirani yake.

"Hawa watu wanalishwa, wanaogeshwa, wanageuzwa," Sista alisema taratibu. "Kitabu ndicho kitu pekee walichojilipia. Pesa iliporudi, mmoja akaniuliza kama umewaona ombaomba."

Fundi alikaa kwenye kigoda chake. Akakumbuka mwaka aliougua yeye, binti yake akamlipia kila kitu, hata wembe wa kunyolea, na jinsi alivyonuna. Mwishowe akaomba huyo dereva apewe simu.

"Ndugu yangu, nimekosa," alimwambia. "Nilidhani nawatendea wema. Naomba mnitumie ile pesa tena."

Dereva akashusha sauti. "Tumeshainunulia biskuti, mzee. Tuvumilie mpaka Ijumaa."

Fundi alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri kiatu chake akageuka kumtazama. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile kila risiti itapigwa picha, na gharama ya kwenda na kurudi itagawanywa katikati.

Ijumaa pesa ikaingia. Fundi aliisoma ile meseji mara mbili, akajishangaa: kuipokea kulimfurahisha kuliko alivyofurahi kuirudisha. Kesho yake juzuu ya pili ikaondoka.

Wale wagonjwa hawakuwa na kitabu cha kubadilishana naye, wakatuma daftari la shule. Kila mmoja alikuwa ameandika humo alivyovunjika: mmoja kwa mkono wa kushoto, wawili kwa mwandiko wa Sista. Mmoja wao, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akimkimbia nyuki mmoja tu. Kisa cha dereva kilikula kurasa ishirini, na mwishoni aliambatanisha risiti na mgawanyo wake, mpaka senti ya mwisho.

Fundi alihakiki hesabu, akaona ni sawa. Kisha akafunga kibanda saa nzima kabla ya wakati, akaanza na yule wa nyuki.