Nta Nyekundu

Kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, wateja watatu walikuwa wameshachukua magitaa yao kwenye karakana yangu. Hakuna aliyesema kisa. Walidai wana haraka, wakayabeba hivyohivyo hayajatengenezwa, na la mmoja halikuwa hata na nyuzi. Mtu ana haraka ya kwenda wapi na gitaa lisilo na nyuzi?

Kisa nilikijua. Jumamosi, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi, gitaa la kaka yangu lilipiga ukelele hadi watoto wakaziba masikio. Kiongozi wa bendi akashika maikrofoni, akaomba radhi, kisha akaongeza mbele ya ukumbi mzima kwamba gitaa lile hutengenezwa na dada wa mpigaji, na hiyo ndiyo hasara ya kumpa ndugu kazi. Watu wakacheka. Kaka yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Aliinama akafunga kamba ya kiatu.

Nilichemka. Miaka kumi na moja nimejenga jina kwa vidole hivi vilivyojaa makovu ya lehemu, halafu linabomolewa kwa sentensi moja, na ndugu yangu wa tumbo moja anafunga kiatu! Nikampigia simu, nikamwambia alete gitaa kabla sijalifuata mwenyewe.

Alilileta Jumanne, akaliweka mezani bila kuniangalia.

"Labda ni unyevu, Kijiko."

"Unyevu gani? Harusi ilikuwa mtoni?"

"Mimi nitajuaje? Fundi si wewe?" Akaondoka.

Nikaanza kazi, maana hasira haitengenezi kitu. Nilibadilisha waya, likapiga mluzi. Nikabadilisha amplifaya, mluzi uleule. Nikazifunga nyuzi zote kwa kitambaa zisitikisike hata kidogo, na bado lilipiga mluzi. Hapo nikajua ni pikapu. Sisemi gari. Nasema kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Kikiwa kizima husikia nyuzi tu. Nilikigonga kwa mpini wa bisibisi, spika ikatoa ngo, ngo, kama mtu anabisha hodi. Nikainama nikasema, "Moja, mbili." Sauti yangu ikatoka kwenye spika.

Gitaa lile lilikuwa la baba, na enzi zake lilikuwa na ugonjwa huohuo. Alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya nyumba, na chakula kikiwa tayari hakujisumbua kuinuka. Aliweka mdomo karibu na pikapu akaita, "Mkia! Kijiko! Chakula!" na mtaa mzima ukajua tunakwenda kula. Mkia ni kaka, aliyemfuata baba kila aendako. Kijiko ni mimi, kwa sababu nikiwa na miaka sita niliifungua redio ya nyumbani kwa kijiko.

Tulipomzika baba, miaka miwili iliyopita, kaka alilichukua gitaa akaingia nalo kwenye bendi, na mimi nikalitibu. Dawa yake ni nta. Unaiyeyusha kwa moto mdogo, unaizamisha pikapu, nta inapenya katikati ya waya na kuushika usitikisike. Kwenye nta yangu huwa natia kipande cha mshumaa mwekundu. Mshonaji hushona lebo, mimi natia wekundu, nijue kazi yangu popote nitakapokutana nayo.

Basi niliifungua ile pikapu. Wekundu haukuwepo. Waya ulikuwa mtupu, umelegea, umefutwa ukafutika. Nta haitoroki yenyewe.

Nikiwa bado nimeishika, wifi yangu, mke wa kaka, akaingia na draya ya nywele mkononi.

"Wifi, hebu nitazamie hii. Kaka yako kaiua. Mchana kutwa kaishikilia juu ya gitaa lake, nikamuuliza, hilo gitaa limetoka kuoga?"

Kwenye mdomo wa draya kulikuwa na doa jekundu. Kwa hiyo alijua! Alipofunga kiatu alijua, na aliponiambia "fundi si wewe" alijua vilevile.

Jumatano jioni niliirudisha pikapu ndani ya gitaa bila nta, nikalipeleka kwenye chumba cha mazoezi. Bendi nzima ilikuwepo.

"Fundi," Kiongozi akasema, "umetuletea kelele nyingine?"

Nilichomeka waya, nikapandisha sauti hadi pale ambapo gitaa linakaribia kulia, nikalipeleka mpaka kwenye kidevu cha kaka yangu.

"Sema."

"Niseme nini?" Spika nayo ikauliza, niseme nini. Mpiga ngoma akaangua kicheko.

"Unajua."

"Dada, tukaongee nje."

"Kwenye harusi nilisemwa nje?"

Alimtazama Kiongozi, akaitazama sakafu. Kwenye spika tulisikia pumzi zake tu. Kisha akasema, na kila neno likatoka kubwa kuliko yeye, "Nta niliitoa mimi. Kwa draya. Fundi hana kosa."

Kiongozi alikohoa. Nikamwambia Jumamosi ayarudie maneno hayo kwenye maikrofoni ileile, kwa sauti ileile. Akasema sawa, fundi. Nilikuwa nimepata nilichofuata, nikanyoosha mkono nizime.

"Nilitaka kuita," kaka akasema, mdomo bado uko kwenye nyuzi. "Kama baba. Tangu uweke nta halisikii kitu. Nikafikiri nikiitoa, nikaita, itatoka ile sauti."

"Ikatoka?"

"Ilitoka yangu tu."

Nikazima. Hasira haikuisha, na asije mtu akanidanganya kwamba iliisha. Ungeniambia! Miaka miwili tunakula meza moja, mdomo unao, unashindwa kusema, "Dada, namtaka baba"? Nilimwambia hayo njiani, kwa sauti ambayo haikuhitaji spika.

Alhamisi asubuhi alikuja karakana bila kuitwa, akasimama mlangoni. Nta ilikuwa imeshayeyuka kwenye sufuria, imekolea wekundu. Pikapu ilikuwa bado ndani ya gitaa.

"Ita," nikamwambia. "Mara ya mwisho. Jumamosi mna kazi."

Aliinama, akafungua mdomo, akashindwa. Machozi yakaanza kudondoka karibu na sufuria, mwanamume mzima. Nikamfokea asogee, maji yakiingia kwenye nta ya moto inaruka.

Kisha nikainama mimi. Nikaita kwa nguvu, nikiyavuta maneno kama baba, "Mkia! Chakula!" Spika ikaibeba sauti hadi barabarani, wapita njia wakageuka.

"Naam," kaka akaitika, kama tulivyokuwa tukiitika, na akapiga hatua moja mbele kabla hajakumbuka kwamba hakuna pa kwenda.

Nikazima umeme. Nikaifungua pikapu, nikaizamisha kwenye nta. Viputo vikapanda kimoja kimoja, vikapungua, vikaisha.