Sala ya Kufungia Mkutano

Asubuhi hiyo shuka za wodi ya saratani hazikushuka. Dobi alikwisha kuchochea moto, maji yanatokota, akafua za wodi ya wazazi, akasubiri, wapi. Badala ya shuka akaja msimamizi wake, akamwambia ajifute mikono apande juu. Wakubwa wa mkoa wamekuja kusikiliza maoni ya wananchi juu ya huduma za saratani, na hakuna wa kusali. Hospitali nzima ilimjua dobi huyo mjane: ndiye aliyeitwa vitandani dawa zikishindwa.

Akafungua mlango wa wodi ya saratani. Vitanda havikuwepo. Pamepangwa viti vya plastiki, watu wamejaa, na sakafuni zimebaki alama za miguu ya vitanda. Kiti kilichobaki wazi kilikuwa pale dirishani, alipokatia roho mdogo wake. Akaketi, hana budi. Mara akazisikia zile pumzi za marehemu nyuma ya shingo, fupi fupi, kama za mtu aliyepanda kilima. Hakugeuka. Alikwisha kuzizoea nyumbani. Hakujua kwamba na huku zipo.

Sasa ugonjwa ulikuwa kwa binti yake. Alitundikiwa dawa humu humu, na ikiisha miguu haimbebi, mama mtu humweka mgongoni mpaka nyumbani.

Mratibu kutoka mkoani, bwana mpole mwenye miwani, alieleza kwamba huduma zote zitakusanywa mjini, kwenye mashine mpya na mabingwa. Alisema vizuri, huna pa kumshika. Ila mjini ni safari ya kutwa na kucha. Akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono.

Kinyozi wa getini, wanayemwita Kidevu, akasimama.

"Mheshimiwa, unatuuliza kama vitanda viondoke, au tukusaidie kuvitafuta?"

Watu wakaangua kicheko. Mratibu naye akacheka, akasema vimekwenda kupakwa rangi, na kwamba muda umewatupa mkono. Dobi alikuwa amenyoosha mkono wake kuomba kusema tangu mwanzo, mpaka bega linamuuma.

"Mama yangu," mratibu akamwambia, "wewe utatufungia kwa sala. Maoni wenzako wameshatoa."

Akasimama. Vichwa vikainama, mratibu akavua miwani.

"Mungu wetu, tunakushukuru kwa wageni hawa na mashine zao. Mwanangu unamjua. Kutoka humu namrudisha mgongoni. Huko mjini nitambeba mpaka wapi? Na mdogo wangu unaye. Walimpeleka huko huko, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mwisho akaniambia, dada, kuumwa naweza, barabara siwezi. Akaja kufia hapa niliposimama. Baba, hawa wametuuliza vitanda vikiwa vimeshatoka. Wewe umeona. Walainishe mioyo, wavirudishe."

Mratibu akakohoa, akakohoa tena. Lakini nani atamkatiza mtu anayesema na Mungu? Dobi naye hakuharakisha. Akawataja waliofia humo mmoja mmoja, kwa ukoo na kwa kazi zao, mwashi, mama muuza mitumba, yule mwalimu wa hesabu, na kila akimtaja mtu alihisi pumzi zikiongezeka nyuma yake, mpaka wodi ikawa na watu wengi kuliko viti. Amina iliyoitikiwa ilikuwa nzito.

Alipofumbua macho, karani wa mkutano alikuwa ameweka kalamu chini. Kidevu akamuuliza kama ameyaandika hayo.

"Sala haiandikwi, mzee," karani akajibu kwa upole. Kisha akaishika kalamu, akaandika kwamba wananchi wameafiki na mkutano umefungwa kwa sala.

Wageni wakatoka. Wahudumu wakaanza kubebanisha viti, vya mbele, vya kati, mpaka kikabaki kimoja, kile cha dirishani, na dobi amekikalia.

"Mama, tunafunga wodi."

"Fungeni, wanangu," akasema, wala hakuinuka.