Zamu ya Mwisho ya Mgao

Shaban na mimi tulisoma chuo kimoja kwa maalimu mmoja, tukaingia jando pamoja, na siku niliyooa ndiye aliyenishikia mwavuli. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyenifanyia hivi. Angekuwa mtu baki ningenuna siku mbili, nikasahau.

Yalitokea Kibiti, kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara ya Kilwa. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, kabla mashindano ya vijiji hayajaanza, sisi wanne tulikutana hapo kwa ajili ya mgao. Si mgao wa sukari. Mgao wa wachezaji. Tuliuanza enzi zile za foleni, sabuni na kanga zilipokuwa zikitolewa kwa zamu kwenye duka la ushirika. Tumesimama tangu asubuhi, jua linatuchoma, Haidari muuza kamba wa baharini akasema, "Kwa nini na wachezaji tusigawane?" Tukacheka, kisha tukagawana kweli, na tangu hapo hatukuacha.

Ni hivi. Kila mtu anaunda timu yake ya mdomoni, timu ambayo haichezi popote. Unachukua mshambuliaji wa Mkongo, unachukua kiungo wa Mahege, unachukua mtu wa Ngarambe ambaye hata sura yake huijui. Wakishaanza kucheza huko kwao, kila goli analofunga mtu wako ni pointi yako. Mchezaji akishatajwa ni wa aliyemtaja, mwingine hamgusi. Tunaokota vizibo vya soda kujua nani anaanza. Zamu ikimfikia wa mwisho, anachagua mara mbili, kisha inarudi kule ilikotoka, ili aliyeanza asijione mfalme. Wachezaji watano kila mmoja, basi.

Na kulikuwa na sharti moja ambalo hatukuwahi kuliandika: mtoto wa mtu haguswi na mwingine. Katika watoto wetu wote anayecheza ni Ukasha tu, mwanangu, winga wa kulia wa Kibiti. Miguu anayo, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Kwa hiyo Ukasha alikuwa wangu kila mwaka bila mshindani, na mimi si mjinga. Kitu ambacho hakuna wa kukunyang'anya, hukipotezei zamu ya kwanza. Zamu za mwanzo nilinyakua wafungaji wa vijiji vya watu, na zamu ya mwisho, wenzangu wakihangaika na makapi, mimi natamka taratibu, "Ukasha." Iliwauma! Abdulatifu mchinjaji alikuwa ananiita mwizi. Sokoni vijana walimtania Ukasha, "Wa Mwisho, hujambo?" naye anacheka. Nimemwona akicheka kwa macho yangu haya.

Mwaka ule nilitaka jambo moja tu. Jina la Ukasha lilikuwa limeanza kufika mbali, mpaka Ikwiriri walikuwa wanamzungumza. Nilitaka mgao ule niushinde kwa miguu yake, watu waseme timu ya Mfaume imebebwa na mwana wa Mfaume. Hilo tu. Sikuomba kingine.

Shaban alikuwa amebadilika kidogo. Ruhusa ya biashara ilipotoka alikwenda Kariakoo akarudi na robota la mitumba, halafu la pili, na sasa alikuwa na meza ya viatu sokoni. Sikumwonea wivu. Baiskeli yake ya kubebea mizigo niliitengeneza bure, tena mara nyingi.

Basi tukaokota vizibo. Shaban akapata zamu ya kwanza, mimi nikapata ya mwisho. Abdulatifu akashika chaki, maana majina tunayaandika kwenye mlango wangu wa bati.

"Haya, Shaban, tufungulie."

Sote tulijua atamtaja mfungaji wa Mkongo. Alikohoa, akatazama barabarani.

"Ukasha Mfaume," akasema.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikidhani ananitania. Lakini yeye hakucheka, akamwambia Abdulatifu, "Andika."

"Shaban, weye una wazimu? Mtoto wa mtu haguswi."

"Limeandikwa wapi?"

"Tangu lini miye na weye tukaandikiana?"

"Hayo ya foleni, Mfaume. Siku hizi ruksa. Mchezaji yuko wazi, mwenye zamu anamchukua."

Nilikuwa na spana mkononi. Niliirusha kwenye karai la maji ninalopimia mipira ya baiskeli, maji yakamrukia Haidari mpaka kwenye kikapu chake cha kamba. Alifuta kamba wake polepole, macho chini, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Nikamgeukia Abdulatifu.

"Sharti lipo," akasema Abdulatifu, "lakini na weye bwana ulilifaidi mno." Akaandika. Jina la mwanangu likakaa juu ya mlango wangu, chini ya jina la Shaban.

Hapo hapo Ukasha akatokea, anatoka sokoni, njumu zinamning'inia shingoni. Nilifurahi kumwona. Nikasema, huyu ndiye atakayewaumbua.

"Njoo, baba! Njoo uone ba' mdogo wako alichonifanyia."

"Shikamooni," akasema. Lakini mimi hakunitazama. Alitazama mlango. Akalisoma jina lake, nikamwona anarudia kulisoma, na uso ukamchanua kama siku aliyohitimu Kurani.

"Nilimwomba miye, baba," akasema.

"Ulimwomba nini?"

"Anichague wa kwanza."

Yeye akaendelea kwa adabu, mikono nyuma, kama anavyoongea akiniomba ruhusa ya safari. "Kila mwaka weye unanichagua wa mwisho. Kila mwaka. Hata yule kipofu wa jicho moja wa Ngarambe ulimtanguliza."

"Kwa sababu hakuna wa kukuchukua!" nikafoka. "Huelewi mgao? Weye ulikuwa wangu tayari!"

"Ndiyo, baba. Leo kapatikana wa kunichukua."

"Na hizo njumu?"

"Kanitafutia ba' mdogo." Akazishika kamba zake. "Nachelewa mazoezi. Mama anajua." Akaenda zake.

Mama anajua! Mwanajuma, ambaye asubuhi ile alinimiminia chai na kuniuliza kama mgao ni leo. Ikaniuma kuliko ya Shaban. Shaban kaniibia, sawa, wezi wapo. Lakini nyumba yangu yenyewe ilikuwa inakaa kikao nami nimo ndani sijui, na kamba wa Haidari wanajua. Nilikua na watu wale, nikalea mtoto mbele yao, wakaniacha nikae hapo nijione mjanja.

Shaban akataka kuniwekea mkono begani. "Mwenzangu, kijana alilia mbele yangu..."

"Toa mkono wako."

Ningeweza kufunga kibanda niwafukuze. Sikutaka waende wakisema nimekimbia. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikachagua. Nikamchukua mfungaji wa Mkongo, yule yule aliyeachwa, kisha kiungo wa Mahege. Nilichagua vizuri, hata Abdulatifu aliguna. Hakuna aliyetania. Huko uwanjani tulisikia vijana wanashangilia mazoezini, nami sikugeuka.

Zamu zikaenda zikarudi, ikabaki moja, ya mwisho kabisa, yangu. Abdulatifu akasimama na kipande cha chaki kilichobaki. Wote wakanitazama. Sikuwa nafikiri chochote, nilikuwa nimechoka tu, na mdomo ulikuwa na mazoea yake.

"Ukasha," nikasema.

Chaki ilisimama hewani. Haidari akaangalia pembeni. Nilingoja wacheke, na laiti wangecheka.

"Keshachaguliwa, Mfaume," akasema Shaban, kwa sauti ya chini. "Taja mwingine."