Breki za Katarina

Mwaka ule wa hamsini na sita, mpunga ulipokwisha kuvunwa, wanaume wa Ifakara walioshindana kwa baiskeli kuzunguka uwanja wa mpira walitunga sheria: kila baiskeli ikaguliwe breki Jumamosi, ndipo ikimbie Jumapili baada ya misa. Sheria nzuri, nani abishe? Ila Jumamosi ni siku ya soko kule Lupiro, ng'ambo ya mto, na Katarina, mwanamke pekee aliyetaka kushindana, huuza samaki huko hadi kivuko cha jioni. Severini, mwenyekiti wa mbio, alilijua hilo vizuri sana. Hakuwa na ubavu wa kumwambia mwanamke usoni asishindane, basi akaiachia kalenda imwambie.

Katarina hakulia. Jumapili alfajiri aliipindua baiskeli yake uani, akang'oa raba za breki zilizolika, akachonga nyingine kwa tairi kuukuu la lori, kisha akasugua rimu kwa majivu mpaka mafuta ya samaki yakatoka yote. Mama mkwe wake, Apolonia, alimtazama kutoka mlangoni. Bibi huyo alikwishasema zamani kwamba mwanamke kupanda baiskeli ni aibu ya ukoo, na hakuwa mtu wa kumeza maneno yake.

"Hujakaguliwa, dada," Severini alimwambia uwanjani, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "Sheria ni sheria."

"Nikague sasa."

"Ukaguzi ulikuwa jana. Subiri mwakani."

Katarina alinyoosha kidole. "Basi simama pale golini. Nakuja kwa kasi yangu yote. Breki zisiposhika, utawaambia watu ulikuwa na haki."

Watu waliangua kicheko. Severini hakucheka, wala hakwenda golini.

"Nani atasimama, basi?" Katarina alipaza sauti.

Mara kutoka kwa akina mama akachomoka Apolonia, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama katikati ya goli.

"Mama, toka hapo!" Ujasiri wote ulimwishia Katarina.

"Umezitengeneza, hukuzitengeneza?"

"Nimezitengeneza."

"Basi njoo. Na usije polepole, utanitia aibu."

Alikuja. Alikanyaga pedali mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alimwona bibi hapepesi hata jicho, akabana breki zote mbili. Tairi la nyuma likaburuta, vumbi likatimka, baiskeli ikayumba, ikasimama. Gurudumu la mbele liligusa upindo wa kanga.

Apolonia alijikung'uta vumbi, akawageukia wale vijana waliokaguliwa jana, kila mmoja na baiskeli yake mkononi.

"Mama zenu wako pale," alisema. "Nani anafuata?"

Vijana waliinamia breki zao. Severini alikuwa akitazama viatu vyake. Katarina akasukuma baiskeli yake mpaka kwenye mstari wa kuanzia, na hapakuwa na mtu wa kumzuia.