Udi Kabla ya Kahawa

Mjukuu wangu Mahbuba karudi kutoka Moroko, daktari kampasua huko, kawa mwanamke kama alivyotaka siku zote. Lakini kila siku lazima alale ajitie kile kijiti alichopewa na daktari cha kuiweka wazi njia yake mpya ya kike, asipojitia njia inafupika. Na nyumba yetu ya Matrah, Maskati, chumba kimoja, wageni hawaishi!

Jana Bi Kheiria na wenziwe wamekaa toka adhuhuri. Mahbuba machozi yanamlenga, saa ya kijiti inampita. Nikatoa chetezo cha udi hata kabla ya kahawa. Hapa Maskati ukishafukizwa ndo unaaga. Wapi! Hawa wetu wa Unguja wakajifukiza buibui, wakakunja miguu.

"Babu, udi mzuri! Tia mwengine."

"Mwengine nakuja kuutia kwenu, Kheiria. Inukeni, mtoto ana dawa yake!"

Wakatoka wamenuna. Mahbuba akafunga mlango, mie nikakaa kizingitini.